Wasomaji Wanauliza: Daftari la Kazi na Mafunzo ya Miradi

Katika toleo lililopita tuligusia kwa ufupi desturi ya kuweka daftari la kazi, yaani daftari la mtu binafsi ambamo mfanyakazi huandika siku kwa siku yale anayokutana nayo katika miradi anayoishughulikia. Barua zilizotufikia baada ya hapo ni nyingi, na mengi ya maswali yake yanafanana. Tumechagua matano, tukayafupisha, na tukaondoa majina ya waulizaji na ya waajiri wao.

SWALI: Nimekuwa msimamizi wa miradi kwa miaka minane. Mara tatu nimeanzisha daftari la kazi, na mara zote tatu nimeliacha kabla ya mwezi kwisha. Siku za mwanzo huandika kurasa mbili, kisha nusu ukurasa, kisha "kikao, ripoti, simu", kisha basi. Nikisoma nilichoandika, sioni chochote ambacho hakimo katika ripoti zangu za kila mwezi. Ninapaswa kuandika nini hasa, na kuna tofauti gani kati ya daftari hili na ripoti?

JIBU: Ndugu msomaji, nitaanza na swali lako la pili, kwa kuwa jibu lake ndilo litakalotuonyesha la kuandika. Ripoti huandikwa mambo yakiwa yamekwisha kutokea, huandikiwa mtu mwingine, na kazi yake ni kueleza kilichofanyika na kilichotumika. Daftari la kazi unaliandika ukiwa bado katikati ya jambo, unajiandikia mwenyewe, na kazi yake ni kuhifadhi ulichokijua, ulichokidhani na ulichokihofia siku ile, kabla matokeo hayajakufikia. Ukiandika humo yaleyale ya ripoti umejiongezea kazi bure, na si ajabu kwamba mkono umechoka mara tatu.

Ninasisitiza siku ileile kwa sababu mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: tunasahau. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika majaribio aliyojifanyia mwenyewe na kuyachapisha mwaka 1885, alihifadhi kichwani orodha ndefu za silabi zisizo na maana, kisha akapima ni kiasi gani kilibaki baada ya muda. Alikuta kwamba usahaulifu huenda kwa kasi kubwa katika saa za mwanzo, kisha hupunguza mwendo. Mambo ya kazini yana maana kuliko silabi zile, kwa hiyo hudumu zaidi, lakini undani wake, kama vile nani alisema nini, kwa sharti gani na kabla ya jambo gani, huponyoka mapema vivyo hivyo.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, na wengi hawaifikirii. Kumbukumbu hupotea, na ile inayobaki hubadilika kufuata matokeo. Mwaka 1972, kabla ya Rais Richard Nixon wa Marekani kuzuru China na Umoja wa Kisovyeti, watafiti Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwaomba wanafunzi wakadirie uwezekano wa mambo mbalimbali kutokea katika ziara hizo. Baada ya ziara waliwaomba wakumbuke makadirio yao wenyewe. Kwa mambo ambayo waliamini kuwa yalitokea, wengi walikumbuka kwamba walikuwa wameyapa uwezekano mkubwa kuliko ule waliouandika kwa mikono yao. Hawakuwa wakidanganya. Matokeo yalikuwa yameingia katika kumbukumbu na kuipanga upya, na kila mmoja akajiona alijua tangu mwanzo.

Jambo hilo limenipata mimi mwenyewe, na ndilo lililonifanya nilichukulie daftari kwa uzito. Nilikuwa nikisimamia ukarabati wa jengo la ofisi. Katikati ya kazi mteja akataka matangi ya maji yahamishiwe upande wa pili wa paa, na mwishowe tukachelewa wiki tatu. Aliponilaumu nilikaa kumwandikia barua kali, kwa kuwa nilikumbuka waziwazi jinsi nilivyomwonya kikaoni kwamba uhamisho ule ungeongeza muda. Nilikumbuka hata kiti nilichokalia. Kabla ya kuituma nilifungua daftari nitafute tarehe ya kikao, nikakuta nimeandika: "Mteja anataka matangi yahamie upande wa mashariki. Nimesema inawezekana ndani ya ratiba ileile." Tarehe ya siku iliyofuata nilikuwa nimeandika: "Nimeanza kuwa na wasiwasi na bomba la kupandishia. Huenda tukahitaji wiki mbili zaidi. Nimwambie." Sikumwambia. Wasiwasi wangu wa usiku mmoja uligeuka kichwani kuwa onyo nililolitoa mbele ya watu. Barua niliichana, nikaandika nyingine ya kuomba radhi, na tangu mwaka ule sijamaliza kikao bila kuandika nilichoahidi kwa maneno yaleyale niliyoyatamka.

Sasa tuje kwenye la kuandika. Tafuta katika siku yako mahali palipokuwa na uamuzi, hata mdogo, uandike ulikuwa uamuzi gani, ulichagua nini, uliacha nini na kwa sababu gani. Andika unachotarajia kitokee, kwa idadi au kwa tarehe ikiwezekana, kwa sababu "tutachelewa kidogo" haiwezi kupimwa baadaye, lakini "tutachelewa siku mbili" inaweza. Andika usilolijua. Na zaidi ya yote andika kilichokwenda kinyume na ulivyodhani. Charles Darwin alieleza katika kumbukumbu za maisha yake kwamba kwa miaka mingi alifuata kanuni moja: kila alipokutana na jambo lililopingana na hitimisho lake alilinukuu papo hapo, kwa kuwa alikuwa amegundua kwamba mambo ya aina hiyo humtoka mtu akilini upesi kuliko yale yanayomuunga mkono.

Nikupe mfano kutoka katika daftari langu, siku ya kumwaga zege la nguzo:

"Jumatano, saa 5:40 asubuhi. Zege la lori la pili limefikishwa kwenye nguzo dakika 70 baada ya kupakiwa. Kipimo cha ulaini ni milimita 60, tuliagiza 100. Msimamizi wa mafundi anaomba tuongeze maji ili zege lipenye vizuri kati ya nondo. Nimekataa, kwa sababu maji ya ziada yatapunguza nguvu yake na hatuna namna ya kujua tumeongeza kiasi gani. Lori limerudishwa. Nguzo 3 kati ya 8 zimebaki. Nadhani tutachelewa siku moja. Sijui kama tatizo ni barabara au ni mchanganyiko wenyewe; kesho niombe karatasi za upakiaji za malori yote mawili."

Hayo yalichukua dakika sita kuyaandika. Ripoti ya mwezi ule, ambayo pia niliiandika mimi, inasema: "Umwagaji wa zege ulichelewa kutokana na changamoto za usafirishaji." Sentensi hiyo haina uongo ndani yake, lakini haimfundishi mtu chochote. Daftari ndilo lililonikumbusha kuomba karatasi, na karatasi zikaonyesha kwamba malori yote mawili yalitumia muda uleule njiani. Lori la pili lilisubiri dakika 30 nje ya lango letu wenyewe, huku sisi tukimalizia nguzo za mwanzo. Niliyaagiza yafuatane kwa karibu mno. Tulichelewa siku nne, kwa kuwa msambazaji hakuwa na nafasi ya karibu, ilhali nilikuwa nimeandika moja. Makosa hayo mawili yalikuwa yangu, na yote mawili yangepotea ndani ya neno "usafirishaji".

Kuhusu kudumu: usiandike kurasa mbili. Jiwekee mistari sita hadi kumi, uandike saa ileile kila siku, na wakati mzuri ni kabla ya kufunga kompyuta, kazi ikiwa bado moto kichwani. Siku ambayo haikuwa na uamuzi wala mshangao iandikie tarehe na mstari mmoja, au uiruke kabisa, kisha kesho uendelee bila kujaribu kufidia. Watu wengi huliacha daftari kwa sababu ya deni la siku tano zilizopita, na deni hilo ukilisamehe hakuna atakayekudai.

SWALI: Mimi ni mtengenezaji wa programu za kompyuta. Kila tunachofanya kinabaki mahali fulani: tuna mfumo wa kufuatilia kazi, historia ya mabadiliko ya msimbo, barua pepe na mazungumzo ya kikundi. Kuandika tena katika daftari si kurudia? Na ikiwa ni lazima, ni bora karatasi au kompyuta?

JIBU: Ingekuwa kurudia kama mifumo hiyo ingehifadhi fikra zako, lakini huhifadhi vitendo. Historia ya msimbo itaonyesha kwamba siku fulani ulibadilisha mistari 12. Haitaonyesha njia mbili ulizozijaribu asubuhi nzima na kuziacha, wala haitasema kwamba ya kwanza uliiacha kwa sababu ilijaza kumbukumbu ya seva, na ya pili kwa sababu ulikosa muda tu. Baada ya miezi saba mwenzako, au wewe mwenyewe, mtapendekeza njia ya kwanza kana kwamba ni mpya, na asubuhi nyingine nzima itakwenda. Njia zilizoachwa ndizo mali kubwa ya daftari la mtu wa fani yako.

Fani yako ina ukurasa maarufu wa daftari la aina hii. Tarehe 9 Septemba 1947, wahudumu wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard walikuta nondo, yule mdudu mwenye mabawa, amenasa katika swichi ya umeme. Walimbandika kwa utepe katika daftari la mashine, wakaandika saa 15:45, namba ya swichi, yaani 70, na herufi ya paneli, yaani F. Ukurasa huo umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian nchini Marekani. Husimuliwa zaidi kwa ajili ya neno la Kiingereza "bug", yaani mdudu, ambalo watengenezaji wa programu hulitumia kwa kasoro, lakini mimi huupenda kwa sababu nyingine: una saa, una mahali hasa, na una ushahidi wenyewe. Aliyeusoma mwaka mmoja baadaye hakuhitaji kumtafuta mwandishi amuulize. Fanya hivyo na ujumbe wa kosa unaoonekana kwenye skrini: uunakili ulivyo, herufi kwa herufi, usiufupishe kwa maneno yako, kwa kuwa hujui bado ni herufi gani ndani yake iliyo na maana.

Ama karatasi au kompyuta, tumia kile kilicho karibu na mkono wakati wa kazi. Faili la maandishi ya kawaida kwenye kompyuta lina faida kubwa kwako: unaweza kutafuta neno, na unaweza kubandika matokeo ya majaribio. Karatasi inamfaa anayesimama juani au anayekaa vikaoni ambako kuandika kwenye simu huonekana ni kutosikiliza. Epuka tu kugawanya daftari moja katika sehemu tatu, kwa maana la kutafuta kwenye sehemu tatu hatimaye halitafutwi.

SWALI: Ninafanya kazi mahali ambapo lawama hutafuta mtu haraka sana. Naogopa kwamba nikiandika makosa yangu na ya wenzangu, ipo siku daftari litageuzwa silaha. Je, nifanyeje? Na daftari hilo ni mali yangu au ya mwajiri?

JIBU: Hofu yako ina msingi, na sitakuambia uipuuze. Anza na swali la umiliki, kwa kuwa ndilo linaloongoza mengine. Mikataba mingi ya ajira husema kwamba maandishi yanayotokana na kazi ni ya mwajiri, kwa hiyo soma wako kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza. Hata pale mkataba unaponyamaza, chukulia kwamba daftari la kazi linaweza kusomwa na mwingine: ukihama unaweza kutakiwa kuliacha, na mgogoro ukifika mbele ya wasuluhishi au mahakama unaweza kutakiwa kulitoa. Ukihitaji kuandika jinsi ulivyoumia baada ya kikao, kiandike nyumbani katika daftari jingine, na humo usiingize siri hata moja ya mwajiri.

Kujua kwamba linaweza kusomwa hakupaswi kukunyamazisha, bali kukufundisha namna ya kuandika. Eleza tendo, usihukumu tabia. "Vipimo vilivyoahidiwa Alhamisi havijafika, nimepiga simu mara mbili" ni maneno yatakayokulinda na hayamwonei mtu. "Yule ni mzembe" hayakusaidii wewe wala mradi, na huenda yakakuaibisha utakapogundua kwamba vipimo vilizuiliwa na idara nyingine. Na kosa lako liandike pamoja na taarifa ulizokuwa nazo ulipoamua. Mtu anayeandika "nimeidhinisha mchoro bila kusubiri ripoti ya udongo, kwa sababu mkandarasi alisema itachelewa wiki tatu na mvua zinakaribia" ameandika kosa lake na sababu yake kwa pamoja, na msomaji mwenye haki ataona kwamba alipima mambo.

Yako mambo ambayo hayaingii kabisa: nywila, habari za afya za mtu, mishahara, na bei za washindani katika zabuni.

Jambo lingine ni uaminifu wa daftari lenyewe. Watafiti wa maabara wana desturi za miaka mingi ambazo unaweza kuziazima: daftari lililoshonwa ili kurasa zisichomolewe, namba kwenye kila ukurasa, wino badala ya penseli, na kosa kukatwa kwa mstari mmoja ili kilichokuwa chini kiendelee kusomeka. Desturi hizo hazikuanzishwa kwa ajili ya urembo. Nchini Marekani, hadi tarehe 16 Machi 2013, haki ya hataza ilimwendea aliyevumbua kwanza, si aliyewasilisha ombi kwanza, na ukurasa wenye tarehe uliotiwa saini na shahidi uliweza kuamua ni nani huyo. Wewe huenda usihitaji shahidi, lakini usirudi nyuma kurekebisha ulichoandika mwezi uliopita. Ukigundua ulikosea, andika chini ya tarehe ya leo: "Niliandika tarehe 4 kwamba valvu ilikuwa wazi; nimethibitisha leo kwamba ilikuwa imefungwa." Daftari lenye masahihisho ya wazi huaminika kuliko lisilo na doa.

SWALI: Nimejaza madaftari manne katika miaka miwili na sijawahi kuyasoma tena. Mwishoni mwa kila mradi tunajaza fomu ya mafunzo tuliyojifunza, nayo pia haisomwi. Ninafanyaje ili niliyoyaandika yanisaidie kweli?

JIBU: Hongera kwa madaftari manne, sehemu ngumu umeshaivuka. Sehemu iliyobaki inahitaji muda mdogo, lakini lazima uutenge.

Kwanza, usianze kusoma daftari la kwanza kutoka ukurasa wa kwanza. Utachoka kabla ya kufika mahali penye faida. Chukua mradi unaoukaribia sasa, tafuta katika yale manne mradi unaofanana nao zaidi, na usome jambo moja tu: makadirio yako ya muda na kilichotokea. Mwaka 1994 watafiti Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti ambamo wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu walikadiria kwamba wangemaliza kwa wastani wa siku 34 hivi. Walimaliza kwa wastani wa siku 55 hivi. Kilichonigusa zaidi katika utafiti huo ni kwamba watu wanapopanga hutazama mbele, kwenye hatua za mpango wao, na hawatazami nyuma kwenye kazi za aina hiyohiyo walizokwisha kuzifanya. Wewe unayo kazi hizo mkononi, kwa tarehe. Ukikuta kwamba katika makadirio 10 uliyoyaandika manane yalizidiwa, na kwamba kwa kawaida yalizidiwa kwa nusu, basi umepata kipimo kinachokuhusu wewe, si wastani wa watu wengine.

Pili, kuanzia sasa tenga dakika 20 kila mwisho wa juma usome kurasa za juma hilo pekee. Acha ukingo mpana kwenye kila ukurasa, na unaposoma andika humo kilichotokea baadaye: "Ilichukua siku 4, si 1. Tazama uk. 63." Michael Faraday, mwanasayansi Mwingereza aliyegundua mwaka 1831 jinsi sumaku inavyoweza kuzalisha umeme, alizipa aya za daftari lake la maabara namba zinazofuatana, na kwa miaka iliyofuata zikapita 16,000. Namba hizo zilimwezesha kurejelea jaribio la zamani kwa tarakimu chache tu. Namba za kurasa na faharasa ya kurasa mbili nyuma ya daftari zitakutosha: "Idhini za michoro: 12, 40, 63, 88."

Ni kutoka katika faharasa hiyo ndipo mafunzo huzaliwa, na hapa nataka kusema wazi kwa nini fomu yenu haisomwi. Humo bila shaka mmeandika kitu kama "tuwasiliane mapema na wadau." Hakuna anayepinga sentensi hiyo, na hakuna anayeweza kuitumia, kwa sababu haina tukio nyuma yake wala tendo mbele yake. Ilinganishe na hii: "Idhini ya michoro kutoka kwa mteja ilichukua siku 9, 14 na 11, ratiba yetu iliweka 5. Ratiba ijayo iweke 14, na michoro ya umeme itangulie, kwa kuwa ndiyo iliyorudishwa mara mbili." Somo la pili mtu anaweza kulitumia kesho asubuhi. Mwandishi wake hakuwa na akili kuliko wa kwanza. Alikuwa tu na kurasa tatu zenye tarehe.

Msisubiri mwisho wa mradi. Mwishoni watu wameshatawanyika, waliobaki wana haraka ya kufunga hesabu, na kila mmoja tayari anajua matokeo. Jeshi la Marekani lilianzisha katika miaka ya 1970 desturi ya kukaa mara tu baada ya zoezi, vyeo vyote pamoja, na kujiuliza: tulikusudia nini kitokee, nini kilitokea, kwa nini kulikuwa na tofauti, na wakati ujao tufanye nini. Maswali hayo yanafaa baada ya kila hatua ya mradi, hata kwa nusu saa. La kwanza ndilo gumu kuliko yote, kwani watu wanne watakupa makusudio manne, na hapo ndipo mwenye daftari husoma kilichoandikwa.

Kisha peleka somo mahali ambapo kazi itapita. Somo la ratiba liingie katika lahajedwali la makadirio mnalolitumia kuanzia mradi unaofuata, na somo la manunuzi liingie katika orodha ya ukaguzi ya agizo. Likikaa katika fomu kwenye kabati litamsubiri mtu ambaye hana sababu ya kulifungua.

SWALI: Ninaongoza timu ya watu kumi na mmoja. Baada ya kusoma toleo lililopita nimeamua kila mmoja aweke daftari la kazi na alikabidhi kwangu kila Ijumaa nilisome. Je, kuna mfano wa fomu mnaoweza kunipatia?

JIBU: Kiongozi, nia yako ni njema, lakini nakusihi usiyakusanye. Siku utakayoanza kuyasoma, madaftari kumi na moja yatageuka kuwa ripoti kumi na moja. Hakuna mtu atakayeandika "sijui" wala "nimeahidi nisichoweza" katika ukurasa ambao mkuu wake ataushika Ijumaa, na hayo mawili ndiyo uliyokuwa ukiyatafuta. Kwa hiyo fomu sikupi.

Wape muda badala ya amri. Dakika 10 za mwisho za siku ziwe za kuandika, bila kikao wala simu ya kikazi, na wewe mwenyewe uonekane ukiandika. Asiyetaka kuandika asilazimishwe, kwa kuwa daftari la kulazimishwa hujazwa Ijumaa mchana kwa juma zima. Kisha katika kikao cha kila wiki mbili mwombe kila anayependa alete jambo moja kutoka katika daftari lake, analolichagua mwenyewe, ambalo lilikwenda tofauti na alivyodhani. Anza wewe. Usilete jambo lililokwisha kuwa na mwisho mzuri. Leta la juma hili, usome tarehe, usome ulichokadiria, useme kilichotokea, na useme bado hujui nini. Vikao viwili au vitatu vya kwanza huenda ukawa peke yako unayesoma, na ukimya wa baada yake utakuwa mzito. Vumilia, wala usimtaje mtu kwa jina ili aseme.

Atakapotokea wa kwanza kusoma lake, andika katika daftari lako alichosema na hatua uliyochukua kwa ajili yake, na kikao kijacho umrudishie taarifa mbele ya wenzake.